Asante ya Pembe la Kwanza

Rio de Janeiro, Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Dada Zunilda,

Tumefika. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana nakujua, utakuwa unaipekua barua kutafuta habari ya ajali. Hakuna ajali. Basi lilitembea vizuri, mimi mzima, Herminio mzima, ila yeye safari imemchosha kidogo, amejilaza. Barua hii nampa dereva wa basi la saa sita. Akikupa kesho pale kituoni, na wewe mpe mikate miwili ya chipa, ya moto, usimpe ya jana.

Bahari nimeiona! Miaka hamsini na tatu naisikia tu redioni, leo nimeikanyaga. Nilidhani itakuwa kama mto Paraná, ila pana zaidi. Wapi! Mto una pa kwenda. Hii maji yake yanakuja, yanarudi, yanakuja tena, na watu wamelala mbele yake wakiwa nusu uchi wala hawashangai.

Nyumba ya wageni ni ya mjane mmoja, Dona Neusa. Padre hakutudanganya, zawadi ya kwanza ya bahati nasibu ya parokia ni zawadi kweli: kitanda kipana, taulo mbili zimekunjwa vizuri, chai ya asubuhi ya watu wawili. Mwongozaji wetu ni mwanamke mnene mwenye kipaza sauti, na huyo hahesabu watu, anahesabu jozi. "Jozi ya kwanza, jozi ya pili, jozi ya tatu." Akifika kwangu anasimama. Kwetu, nataka kusema. Basi nikamweleza kwamba mzee anapumzika.

Jana jioni Dona Neusa alimpikia mgonjwa supu ya kamba wa baharini. Nikampelekea Herminio chumbani. Niliporudisha bakuli nikamwambia mama wa watu supu yake ilikuwa eskisita, yaani tamu isiyo na mfano. Uso ukamwanguka! Kumbe neno ni hilo hilo, ila kwao maana yake ni kitu cha ajabu ajabu, kisichoeleweka. Nimeomba radhi mpaka basi.

Usijisumbue kwenda nyumbani kumwagilia maua, dada. Nasikia mvua itanyesha huko. Usiende kabisa.

Mdogo wako,
Nimia

*

Caaguazú, Jumanne, 8 Oktoba

Nimia, mwongo wewe!

Basi la saa nane liko hapa nje linapakia, nina dakika chache tu, kwa hiyo sitakubembeleza.

Barua yako nimeipata saa saba. Nikavaa miwani, nikaisoma kwa sauti, kama ninavyosoma barua zote. Na huyo mumeo aliyejilaza Rio alikuwa amekaa jikoni kwangu, anakula mihogo.

Ndiyo. Huyo huyo. Sharubu zake, kofia yake, kila kitu.

Nilipofika "Herminio mzima" akaacha kutafuna. Nilipofika "amejilaza" akaweka uma chini. Mimi ulimi ulishateleza, siwezi kusimama, naendelea kusoma kama mjinga. Nilipofika kwenye supu akaniuliza, "Ilikuwa na nini?"

"Nini ilikuwa na nini?"

"Hiyo supu."

"Kamba," nikamwambia.

Akafikiri. Akasema, "Mimi kamba sili." Akachukua kofia, akatoka.

Sasa nieleze, maana yeye kinywa amekitia kufuli. Jumamosi, saa tisa kasoro, nilisikia hodi. Nafungua, ni shemeji, suti ya safari mwilini, mkononi chupa ya maji ya terere imejaa barafu mpaka inatoa jasho. Nikamwuliza, "Basi limeharibika?" Akasema, "Nimia amekwenda." Basi, hayo tu. Nikadhani mmegombana na kwamba utaniandikia mwenyewe. Nami nikasubiri siku tatu kama mtu mwenye adabu, na unajua ninavyoumia nikisubiri. Ndipo unaniletea habari za kamba!

Kina mama wa parokia wamekwisha niuliza mara mbili kama mmepiga simu. Shemeji anaingia karakana yake ya useremala kwa mlango wa nyuma kama mwizi, asionekane. Mwanamume mwenye heshima zake, kakufanya nini? Au umemfanya nini wewe? Kama kuna mwanamke, nitajie jina, nitamfuata leo leo. Kama kuna mwanamume, nitajie pia, ila kwa upole, moyo wangu siku hizi si wa kuaminiwa.

Na maua yako nayamwagilia. Mvua gani? Jua hili linapasua mawe.

Dada yako,
Zunilda

*

Rio de Janeiro, Jumatano, 9 Oktoba

Dada Zuni,

Nimeipata barua yako sasa hivi na nimeona aibu mpaka masikio yanawaka. Hakuna mwanamke, hakuna mwanamume. Laiti wangekuwepo, ingekuwa rahisi kusimulia.

Sikiliza. Jumamosi tulifika kituoni mapema. Tukakaa kwenye benchi, nikatoa pembe la kunywea, majani ya terere, mrija, kama kawaida. Nikammiminia. Akanywa. Akanirudishia pembe, akasema, "Asante."

Pembe la kwanza, Zuni! Unajua "asante" kwenye terere ni nini. Ni basi. Ni nimetosheka, usinimiminie tena. Mtoto wa miaka minne anajua kwamba ukitaka lingine unarudisha pembe kimya. Miaka thelathini na moja namwekea mtu yule terere, na hajawahi kusema asante kabla ya pembe la nne. Hata siku tuliyomzika mama yake alikunywa manne.

Nikamwuliza, "Asante?"

Akatazama barabara. "Asante, Nimia."

Na wewe unajua maisha yetu yalivyo tangu vijana wetu wahamie Buenos Aires. Anarudi kutoka karakana, anawasha redio, anasikiliza mpira, analala. Nikimwambia mbwa wa jirani amekufa, anasema "ee." Siku moja nilimwambia nimekufa mimi, akasema "ee." Kwa hiyo aliposema asante nikaelewa kwamba hatimaye amelisema. Ametosheka nami. Akainuka pale kwenye benchi akaenda zake bila neno. Basi likaja. Nikapanda. Dereva akaniuliza, "Mama, mmekamilika?" Nikamwambia, "Niko peke yangu. Twende."

Ndivyo ilivyokuwa.

Na huku nimekwisha jifunga kwa uongo, sijui nitatokaje. Kitanda ni kikubwa. Nalala upande wangu, asubuhi naukunja kunja mto wa pili, naweka na shimo la kichwa, ili msichana wa usafi asijue. Taulo zote mbili nazilowesha. Supu ya mgonjwa naila mimi, nimesimama, dirishani. Jana tulipanda lile gari la waya la kwenda mlimani, viti vya wawili wawili, mwongozaji akapaza sauti mbele ya watu wote: "Na bwana wetu mgonjwa bado?" Wakanionea huruma, wakaniletea ndimu. Kule juu kuna mpiga picha anayewapiga wanandoa. Akanisogeza kushoto, akaacha nafasi, akasubiri. Nikamwambia piga tu. Picha ninayo. Nusu yake ni mimi na nusu yake ni mawingu.

Mji huu mzuri, dada, mzuri mno, na kila nikiona kitu kizuri nageuka kumwonyesha mtu. Sijui nitageuka mara ngapi kabla shingo haijazoea. Naona hata mbwa wa hapa wanatembea wawili wawili.

Leo Dona Neusa amesema mgonjwa asipotoka kesho atamwita daktari. Nitafanya nini?

Usimwambie Herminio lolote. Usimsomee hii. Nakuomba kwa kaburi la mama.

Nimia

*

Caaguazú, Ijumaa, 11 Oktoba, asubuhi

Nimia,

Dada yako aliapa hatanisomea. Kisha akasoma kwa sauti, jikoni, mlango wazi, na mimi niko nje natengeneza bawaba ya mlango huo huo. Usimkasirikie.

Mimi si mtu wa barua. Nitaandika kama ninavyopima ubao, mara moja tu.

Tangu Februari siwezi kuzuia mkojo. Kila nusu saa. Wakati mwingine chini ya hapo. Karakana nina ndoo nyuma ya mbao. Redio naiwasha kwa sauti ili usisikie ninavyotoka toka. Ulidhani napenda mpira kiasi hicho. Matokeo siyajui hata.

Safari ni saa ishirini na tano. Choo cha basi lile mlango wake haufungiki, mimi ndiye niliyeitwa kuutengeneza na nikashindwa. Nikasema, nisipokunywa, nitafika. Pembe la kwanza nililinywa kwa ajili yako. La pili lingenitia aibu mbele ya abiria arobaini, na wewe ukiwa umevaa gauni jipya. Ndiyo maana nilisema asante. Ulipouliza mara ya pili nikashindwa kukwambia, watu walikuwa karibu.

Kisha nikaona barafu yako imekwisha. Wewe ungekunywa njia nzima, huwezi safari bila terere. Nikachukua chupa nikaenda dukani kuongeza. Kwa mwenye duka kuna choo pia, nikapita. Niliporudi hapakuwa na basi.

Roque wa dirisha la tiketi aliniambia ulisema uko peke yako. Nikamwambia hapana, dereva hakuelewa, labda ni Mbrazili. Roque akasema dereva ni mtoto wa bibi Ña Eladia, wa hapa hapa mtaani.

Hilo ndilo nataka kujua, kwa nini ulisema uko peke yako. Mengine nimeyaelewa.

Jumatano nilikwenda kwa daktari. Ni tezi dume, maradhi ya wazee. Amenipa vidonge, na tangu jana navumilia saa moja na nusu kabla ya kwenda. Ningekwenda Februari ungekuwa na mume katika picha.

Barua hii inaondoka na basi la asubuhi. Mimi naondoka na la saa nane. Nitafika Jumamosi saa tisa mchana. Kama hunitaki, usije kituoni. Nitakaa nusu saa, nitapanda la kurudi, na sitakuuliza kitu maisha yetu yote.

Herminio

*

Rio de Janeiro, Jumapili, 13 Oktoba

Dada Zuni,

Barua hii simpi dereva. Nitakupa mkononi mimi mwenyewe, kwa sababu kwa mdomo sitaweza, na Herminio atakuwepo. Sasa hivi tuko kituoni, yeye amekwenda kununua magazeti ya Kireno asiyoweza kuyasoma. Isome peke yako. Kimya kimya, nakuomba, angalau mara moja katika maisha yako.

Barua yake niliipata jana asubuhi mezani. Niliisoma mara mbili, kisha nikamwita Dona Neusa nikamwambia ukweli: hakuna mgonjwa, hajawahi kuwepo, mume wangu yuko njiani. Akakaa kitini. Akaniuliza, "Na supu?"

"Nilikula mimi. Yote."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni, nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, na yule mama ambaye hatuelewani maneno nusu akanishika kichwa. Sijashikwa kichwa hivyo tangu mama afe.

Kituoni nilifika saa saba. Ndiyo, saa mbili kabla. Saa mbili nzima nilikuwa nainuka kwenda zangu na kurudi kukaa. Si kwamba sikumtaka. Niliogopa lile swali lake, na utaona kwa nini.

Basi likaingia. Wakashuka wote, yeye wa mwisho, suti ile ile. Akaniona. Akainua mkono hivi, kama wa askari wa barabarani, akanipita mbio kwenda chooni. Watu wakageuka. Nikamsubiri mlangoni pale, nimeshika kofia yake iliyoanguka. Alipotoka akasema, "Saa moja na dakika arobaini." Hiyo ndiyo salamu niliyopata.

Jana hatukusema kitu cha maana. Alikula, alilala, mto wa pili ukapata kichwa chake. Leo asubuhi nikampeleka baharini. Akaitazama kwa muda. Akasema, "Haitulii." Akakaa mchangani na viatu vyake.

Nami nikamwambia. Nakwambia na wewe, kwa sababu Jumatano nilikuandikia kwamba aliinuka akaenda zake bila neno, na hiyo ni kweli, ila niliacha kitu kimoja. Chupa ilikuwa mkononi mwake. Niliiona, Zuni. Niliiona vizuri kabisa. Mtu anayekuacha haendi na chupa ya terere kuongeza barafu. Nilijua anakwenda dukani na nilijua atarudi. Basi likaja, dereva akauliza, na kinywa changu kikasema niko peke yangu kabla sijakiuliza mimi. Ile asante ilinipa kisingizio tu. Nilikuwa nakitafuta sijui tangu lini.

Na lilipoondoka sikulia. Nilifurahi. Nilivua viatu, nikanyoosha miguu kwenye kiti chake.

Hayo yote nikamwambia, macho yangu yako kwenye mchanga. Nikasema moyoni, sasa atainuka, atakwenda kweli, na safari hii bila chupa.

Akaniuliza, "Ulifurahi mpaka wapi?"

"Nini?"

"Nakuuliza, mpaka wapi."

"Mpaka darajani," nikamwambia. "Mpakani. Yule askari aliangalia kitambulisho changu akauliza, bibi, unasafiri na nani? Nikasema na mtu. Sijui kwa nini nilisema na mtu. Kutoka hapo sikufurahi tena."

Akahesabu kwa vidole, unamjua. "Caaguazú mpaka darajani ni saa mbili na nusu."

"Ndiyo."

"Katika miaka thelathini na moja."

"Ndiyo, Herminio."

"Si nyingi," akasema.

Nikataka kumshika mkono, akautoa. Si kwa hasira. Alikuwa bado hajamaliza. Akasema, "Basi nililiona."

"Basi gani?"

"Lenu. Nilipotoka dukani ndipo lilikuwa linaanza kutembea. Pale kwa fundi wa baiskeli. Nilikuona dirishani." Akachota mchanga, akauacha umwagike. "Mluzi wangu unasikika mpaka kanisani, Nimia. Dereva angesimama."

Zuni, nilimtazama mtu huyu kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana. "Na hukupiga?"

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

Akakung'uta mchanga viganjani, nikadhani ameamua kurudi kwenye zile "ee" zake. "Nilitaka kujua nyumba bila wewe ikoje," akasema.

"Ikoje?"

"Kubwa."

Iliniuma, dada. Iliniuma kuliko nilivyotegemea, na sina haki hata ya kununa, maana mimi ndiye niliyeanza. Tulikaa pale mpaka jua likatuunguza shingo. Watu walipita na watoto wao na mipira yao. Yeye akaenda chooni mara moja, akarudi, akakaa karibu kidogo kuliko mwanzo. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

Namwona anarudi na magazeti yake. Bado mimi ni mpweke, nisikudanganye tena, nimedanganya vya kutosha wiki hii. Nilidhani tukishasema kweli mambo yatalainika, na hayajalainika. Ila sasa najua na yeye ni mpweke vile vile, nyumba ile ile, miaka ile ile, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia. Basi linaita abiria. Dereva ameuliza kama tumekamilika, na wote wawili tumemjibu ndiyo kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno, mpaka watu wametuangalia.

Mdogo wako,
Nimia